Mwenye Mwandiko Mzuri

Ukumbi wa Isevya, timu sita, viti vya kuazima.
"Lugembe," kocha akasema, "una mwandiko mzuri,
shika chaki."
Nikashika.

Nikamwandika Kasanda, mrefu kama nguzo ya simu.
Nikamwandika Mlekwa wa Ng'ambo,
anayedaka mpira uliogonga ringi
kama anadai deni.
Raundi ya pili. Ya tatu.
Unga wa chaki ukanijaa kifuani
pale inapokaa namba.

Chini kabisa nilibakiza nafasi,
herufi saba, nimezipima kwa kidole.

Watu wa Urambo wakanong'onezana,
wakaomba maji,
wakasema, "Sisi tumetosheka."

Treni ya Mpanda ikapiga honi.
Kocha akaniomba nifute ubao.
Nikaanzia chini,
pale pasipo kitu.