Farasi Hapikichi Macho

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Malton.
Baridi imeng'ata kitasa cha mlango wa Wilf Garbutt
na kabla sijavua koti harufu inanipokea:
kafuri, tapentaini, pilipili,
na kitu cha nne ambacho hajawahi kunitajia.
"Ida," ananiita, maana Mwanaidi inamshinda,
"nimeshajipaka. Usinikaripie."

Miaka arubaini na mmoja alilala ukuta mmoja na farasi.
Alijua mguu upi unauma
kwa kuusikiliza tu ukikanyaga mawe.
Dawa aliichemsha mwenyewe, chumba cha matandiko,
kwa sufuria ambayo mkewe aliikataza isirudi jikoni.
Farasi wameondoka. Mke ameondoka.
Imebaki dawa, na magoti mawili.

Navaa glavu, nakunja suruali yake.
Amezungushia nailoni ya kufunikia vyakula,
na juu ya nailoni, mfuko wa maji ya moto;
chini yake ngozi kama nyanya iliyomenywa.
Angekuwa wa kwetu angesema dawa ya moto ni moto.
Yeye alisema: "Kwa farasi ilifanya kazi."

Bwana Garbutt, namwambia, huku namwosha
kwa sabuni na maji vuguvugu, taratibu,
farasi ana kilo mia tano.
Wewe una hamsini na tisa, nilikupima Jumanne.
Farasi hamezi kidonge cha kulainisha damu saa mbili usiku,
na haya mabaka ya samawati pajani, hujaanguka,
huenda kidonge na mafuta wanakula njama. Nitampigia daktari.
Farasi hapikichi macho.
Farasi hakati mkate, hampakati mjukuu.

Akacheka.
Nikafungua friji nitafute maziwa ya chai
na pale mlangoni, kando ya mchuzi wa nyanya,
chupa ya sharubati ya chungwa,
nusu, rangi ileile ya chungwa,
kifuniko hakikukazwa.
Nikanusa.
Jumamosi huja Tilly, miaka mitatu,
anayeipanda friji hii kama ngazi.

Sikumkaripia. Nilikaa kwenye kigoda cha kuvulia viatu
nikamsimulia Muheza, nyumba yetu ya vyumba viwili,
mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda
chini ya meza, karibu na mtungi,
na mdogo wangu Sefu ana kiu.
Jirani akasema mtapisheni. Tukamtapisha,
tusijue tunayapeleka mapafuni.
Aliishi. Ana watoto wanne.
Akipanda kilima, kifua bado kinapiga mluzi.
Mwenye kovu usidhani kapoa.

Wilf kimya.
Nje kundi la farasi linapita kwenda mazoezini,
kwato juu ya lami yenye barafu.
Akainamisha kichwa.
"Wa tatu anachechemea," akasema. "Nyuma, kushoto."
Kisha: "Lete kalamu."

Aliandika mwenyewe juu ya plasta pana,
herufi zinatetemeka kama vifaranga:
SUMU. YA FARASI. SI YA KUNYWA.
Akaibandika, akakaza kifuniko mpaka vidole vikawa vyeupe,
akanikabidhi kama mtu anayekabidhi hatamu.
Mfamasia atajua pa kuimwaga.
Sufuria alikataa kuitoa. Sikubishana;
kuna siku za kushinda nusu.

Sikumwambia habari ya Alhamisi,
mgongo uliponiuma baada ya zamu mbili,
nilipochovya kidole kimoja, kimoja tu, na ikafaa.

Ndani ya basi la kwenda York nikasahau,
glavu nilizivua vibaya,
nikapikicha jicho.
Mama mmoja mwenye kofia ya sufi akanipa tishu,
akaniuliza kwa upole kama nimefiwa.
Nikamwambia hapana.
Ni magoti tu. Ya mtu mwingine.