Jedwali la Tatu

Fomu ya kupandishwa cheo ina kurasa kumi na moja.
Ukurasa wa nne unataka idadi:
makala ngapi, zimenukuliwa mara ngapi,
faharasa yako ni ngapi.
Jaza kwa tarakimu, kisha kwa maneno,
kama hundi ya benki.

Naandika 47.
Naandika 1,906.
Naandika 21, na hapo kalamu inagoma,
si kwa haya, ni wino tu;
Lindi, Novemba, hata wino unatweta.
Jirani anakamua uraka.
Harufu ya mabibo inaingia bila hodi
na kukaa juu ya karatasi zangu.

Makala inayonibeba ni moja.
Mia sita na kumi na mbili, peke yake.
Nyingine zote ni watoto mgongoni mwake.
Inahusu damu ya usiku, Mingoyo,
mwaka ule maji yalipokata njia
tukavuka na darubini kichwani, kama mtungi.

Kwa nini usiku?
Vijinyoo vya matende mchana havionekani,
vimejibanza mapafuni, kimya kama mdaiwa.
Ikifika saa nne vinapanda karibu na ngozi
kumngoja mbu,
nasi tunapita nyumba kwa nyumba
na sindano, na chemli, na samahani nyingi.

Likwawa ndiye aliyesoma vioo.
Jicho kwenye lenzi, mkono kwenye bakuli la korosho ghafi:
kila kijinyoo, korosho moja koponi.
Ta.
Ta. Ta.
Kopo la Bi. Fatu Chinyele lilifurika,
naye miguu yake myembamba, mizuri, ya kuchezea ngoma.
Akacheka: "Kumbe nimevuna kuliko wote."
Kaka yake, mguu kama gogo la mkongo,
kopo lake tupu.
Akalitikisa. Akachungulia ndani.
"Kwa hiyo mimi mzima?"

Nilimweleza. Nadhani nilimweleza.
Kwamba minyoo ilikwisha kufa, ikaacha mguu.
Akauliza kama hicho kitabu kitafika Mingoyo.
Nikasema kitafika.
Kilifika Lima. Kilifika Osaka.

Sasa, jedwali la tatu, safu ya pili.
Thelathini na nane ilipopita vidoleni mwangu
ikatoka themanini na tatu.
Usingizi, au haraka, sijui; wasahihishaji watatu
waliitazama wakaipisha.
Likwawa aliiona miaka minne baadaye,
nakala ikiwa imefungia vitumbua vyake.
"Daktari," akasema, akifuta mafuta kwa kiganja,
"korosho hazikuwa nyingi hivi."

Niliandika sahihisho. Lilichapishwa, nusu ukurasa.
Limenukuliwa mara mbili.
Moja ni mimi.

Themanini na tatu bado inatembea.
Imo katika utangulizi wa watu nisiowajua,
imo katika ombi la fedha la kijana mmoja
aliyeniandikia, kwa heshima zote, kunishukuru.
Kosa lina mbio.
Sahihisho lina matende.

Na kule mwisho, kwenye shukrani, herufi ndogo,
nilimwandika Likwama.
Alisoma, akacheka mpaka akakohoa:
"Basi nimekwama humo, Daktari."

Amestaafu. Yuko Ng'apa,
karani wa mizani wa chama cha msingi.
Wakulima humpanga foleni yeye, mizani nyingine ikiwa wazi;
wanasema mkono wake haujawahi kuiba hata punje.
Hilo halina faharasa.
Nimelitafutia kisanduku, kurasa zote kumi na moja.

Saa nne inakaribia. Mbu mmoja
anazunguka taa, ananipima.
Nimerudi ukurasa wa nne.
Makala iliyonukuliwa zaidi: 612.
Kwa tarakimu, nimejaza.
Kwa maneno, bado.