Makabidhiano ya Dirisha la Tatu

Kiti hiki kina mguu mmoja mfupi,
nimeuwekea kadibodi; usiitoe.
Ufunguo wa droo ni huu. Muhuri ni huu,
wino wake hukauka kila Ijumaa,
na Ijumaa ndiyo siku watu wa Rhonda huja kwa miguu.

Hayo ndiyo mepesi, Mong'ina.
Sasa sogea, nikwambie yasiyoandikwa kwenye fomu.

Utaketi hapa, jina litaitwa,
na kabla mwenye jina hajanyanyuka kwenye benchi
sikio lako litakuwa limeshamrudisha kwao:
huyu wa ziwani, huyu wa kule juu Molo,
huyu wetu.
Hutaki, lakini litamrudisha.
Miaka kumi na tisa nilijisifu kwamba sibagui,
na kweli sikumfukuza mtu.
Nilifanya kitu kidogo tu:
faili la wetu nililiweka juu.

Faili likiwekwa juu, jingine hushuka.
Hakuna aliyelisukuma. Lilijishukia,
kama machicha ndani ya birika.

Nilijua siku ya Bi Taprandich wa Kaptembwa.
Mara sita alikuja kuulizia hela za wazee.
Mara ya saba hakuuliza. Alinitazama
nikimwambia mwanamke aliyemtangulia,
kwa lugha ya mama yangu, "Keti, nakuja sasa hivi,"
kisha nikamgeukia yeye kwa Kiswahili cha serikali:
"Kitambulisho. Namba. Rudi Jumanne."
Akakaza leso yake, polepole, akasema,
"Hiyo Jumanne yangu, mwanangu,
umeifungia droo gani?"

Nikavuta droo. Faili lake lilikuwa la mwisho,
limegandana na mbao kwa unyevu wa mvua za Aprili,
na nilipolibandua, picha ilitoka nyeupe.
Uso ulibaki kwenye droo.
Bado upo. Vuta mpaka mwisho, uinamie, utauona.

Alilipwa. Alizihesabu mara mbili mbele yangu.
Hakusema asante, nami sikuitafuta.

Basi wasalimie wote kwa lugha moja.
Ukimsalimu mmoja kwa lugha ya kwenu
benchi zima husikia komeo likiingia.
Panga kwa tarehe, usipange kwa huruma;
huruma nayo ina kijiji chake.

Ekai hasikii. Usimpigie kelele, si ukuta.
Husoma midomo, kwa hiyo usiongee ukiwa umeinamia muhuri.
Kageha atakuja na kadi ya kliniki:
isome kwa macho.
Kuna siku niliisoma kwa sauti,
na mpaka leo anakaa peke yake, mwisho wa benchi,
watu wakiacha nafasi ya mtu mmoja na nusu.
Hiyo nusu ni yangu.

Obura huja kwa kiti cha magurudumu.
Kutoka pale alipo haoni dirisha, anaona saruji.
Nimeandika barua tatu lishushwe.
Barua ya nne ni yako.
Hadi wajibu, toka wewe, mfuate, uchutame;
magoti yako bado mapya.

Jambo la mwisho, nalo linanionea haya.
Mwezi ujao nitakuwa upande ule wa kioo
na karatasi zangu ndani ya mfuko wa unga.
Jina langu litaitwa, sikio lako litafanya kazi yake,
na litagundua kwamba mimi si wa kwenu.
Nitakutazama kwa jicho la aliyekufundisha kazi.
Nitataka uniweke juu. Najijua.
Usiniweke.
Wala chini, tafadhali.

Haya, vuta pazia.
Ni saa mbili na dakika tatu,
na wao wako hapo tangu saa kumi na moja,
vumbi la Menengai likiwapaka wote rangi moja.