Mstari wa Tisa

Mzani mpya ulikuja Mwaloni ndani ya boksi lenye povu jeupe,
ukiwaka namba za kijani kama macho ya paka.
Ule wa zamani tukaubwaga nyuma ya choo,
mawe yake tukagawana: moja linazuia mlango wangu,
jingine wanawe Nkwimba wanapondea karanga.
Mji ulivyojaa mawe huu,
tukabaki hatuna hata moja la kupimia.

Mwezi wa tatu ukagoma.
Ukaandika: leseni imekwisha.
Magunia yamepangwa, mnunuzi wa Kongo ameshika noti,
wingu limeinuka upande wa Ukerewe,
na chombo tulichokinunua kwa michango
kinataka tukiombe ruhusa.

Hapo midomo ikafunguka.
Nkwimba akasema, dawa ni kulipa:
kitu chenye mwenyewe kina wa kulaumiwa,
kikiharibika unajua pa kubisha hodi.
Luhende, fundi simu wa Kirumba,
bisibisi kaichomeka sikioni kama kalamu:
Mwenyewe ni nani, mama? Risiti ina jina la nani?
Sufuria ikitiwa kufuli
na ufunguo ukabaki kwa aliyekuuzia,
wewe ni mpishi au mlinzi?

Wakabishana hadi ugali ukapoa.
Magesa mpakizi, ambaye gunia liliwahi kumvunja kidole,
akauliza tu kama kilo itabaki kuwa kilo.
Hakuna aliyemjibu.

Luhende akakesha siku tatu.
Akafuta programu ya wenyewe, akapandikiza nyingine,
huria, alisema, haina bawabu;
kipande kakitoa kwa mtu wa mbali asiyemjua,
naye huyo alikitoa kwa mwingine,
kama kaa la moto linavyoombwa nyumba hata nyumba.
Akaichapa, mistari arobaini na mmoja,
akaibandika ukutani juu ya ndoo ya chumvi.
Mwenye macho asome.

Nani asome? Mimi nasoma sura ya mnunuzi,
nawajua dagaa waliolala mchangani kwa kuwasugua kiganjani.
Karatasi ile kwangu ilikuwa mlango usio na komeo:
siingii, ila nalala vizuri.
Nkwimba akacheka. Usio na komeo, hata mwizi hualikwa.
Nalo hilo nikaliona lina uzito wake.

Karatasi ikashika mafuta, ikashika harufu,
nzi wakaongeza nukta zao.

Jumanne moja tukakuta mstari wa tisa
umekatwa kwa kalamu nyekundu,
mwandiko mdogo, umeinamia kushoto:
Na gunia tupu je?

Luhende alisimama pale mpaka chai yake ikaota utando.
Miezi minne tulikuwa tunauza magunia kwa bei ya dagaa,
gramu mia mbili, gramu mia mbili,
na mimi sikujua. Au nilijua
kama unavyojua chenji imezidi, ukatembea haraka.
Umeona? akasema Nkwimba. Ya wenyewe isingekosea.
Ya wenyewe, akasema Luhende, ungejuaje?
Wakaanza upya. Ugali ukapoa upya.

Akarekebisha. Tangu hapo kila gunia langu linakatwa.
Nahesabu: kumi, kilo mbili. Hamsini, kilo kumi,
ada ya mtoto inaning'inia pale kwenye kamba.
Aliyeandika hajajitaja.
Natazama vidole vya watu wanapopokea pesa.
Kimoja kimepinda, lakini kidole kilichopinda si ushahidi.

Jana jioni, wengine wameondoka,
nikalitoa jiwe langu mlangoni, nikaliweka juu ya mzani.
Jiwe la kilo tano, limechongwa tano ubavuni.
Namba za kijani zikasema: nne, nukta nane.
Nikalitoa, nikalirudisha. Nne, nukta nane.

Jiwe halivai gunia.

Nimeazima kalamu nyekundu kwa mwanangu.
Nimesimama mbele ya ukuta.
Mstari upi, sijui.