Nilacho, Kinilacho

Huanza viganjani.
Hakina kishindo: ni kama mtu anayebisha mlango
kwa ukucha mmoja.
Saa nane za usiku, mvua ya Lugo iko juu ya vigae,
Delmiro anakoroma, nami nimekaa kitandani
nikisugua kiganja kwa kiganja
kama karani anayengoja hongo.

Kisha nyayo. Kisha makwapa. Kisha kiuno,
pale mkanda wa sketi ulipobana mchana kutwa.
Mabaka yanainuka, mekundu, mapana kama visahani,
yanaungana, yanachora ramani
ya nchi nisiyoijua.
Kukicha, hakuna kitu. Ngozi imenyamaza
kama mtoto aliyevunja kikombe.

Tulishtaki kila mtu.
Sabuni kwanza: nikafua kwa majivu, kama bibi yangu.
Kisha sufu, kisha paka, kisha godoro,
tukalichoma nyuma ya ghala, likatoa moshi siku mbili.
Mfamasia akasema utitiri, akanipa marhamu inayonuka kiberiti.
Daktari wa kijiji akasema minyoo,
nami nikapanda basi na kikopo mapajani,
nimekifunika kwa leso kama asali ya kuuza.
Minyoo haikuonekana.
Shemeji yangu Obdulia akasema ni dhamiri:
"Mwenye siri huwashwa."
Nilitafuta siri. Nilizokuwa nazo
zilikuwa kuukuu, hazikuwa na meno tena.

Nikaacha pweza. Nikaacha jibini, nyanya, divai.
Nikakonda hadi pete ikawa inaanguka kwenye unga.
Basi wakanihurumia:
"Kula nyama, Erundina, upate nguvu."
Kila Alhamisi, figo za nguruwe,
zimekaangwa kwa vitunguu saumu na mafuta yake mwenyewe.
Nami nilikula, nikashukuru,
nikapangusa sahani kwa mkate.

Yule msichana wa hospitali ya mjini, Iria,
hakuitazama ngozi yangu.
Aliuliza, "Chakula cha usiku ni saa ngapi?"
Saa tatu.
"Na kuwashwa?"
Saa nane.
Akahesabu kwa kalamu mezani, tano, akauliza
nilikuwa wapi majira ya kuchipua.

Nilikuwa kwenye kangaga, mteremkoni,
nikimtafuta mtamba aliyekwenda kujificha azae.
Nilirudi na kupe nyuma ya goti,
mnene, wa kijivu, ametulia kama mpangaji aliyelipa.
Nilimng'oa kwa kucha, nikampondea jiweni,
nikaenda kukanda unga.

Iria akasema: aliacha mate yake.
Ndani ya mate mna sukari fulani,
na damu yangu ilijifunza kuichukia.
Sukari hiyo hiyo imo ndani ya ng'ombe,
ndani ya kondoo, ndani ya figo za Alhamisi.
Husafiri taratibu na mafuta,
ndiyo maana hufika wakati wenye nyumba wamelala.

Kikulacho ki nguoni mwako:
nami nilizikung'uta nguo mwaka mzima!
Sikujua mlaji anaweza kufa jiweni
akaniachia ugomvi wake niulee,
nikaulisha kwa uma,
nilacho kikawa ndicho kinilacho.

Novemba tumechinja kama kawaida.
Nilikata vitunguu, nikapima chumvi ya soseji,
sikulamba kidole.
Obdulia alinichemshia kuku
bila neno. Kwake hilo ni kuomba radhi.

Na kila jioni nikirudi malishoni,
Delmiro hunisimamisha mlangoni, buti zingali miguuni,
ananyanyua pindo la sketi kwa adabu,
anamulika tochi nyuma ya magoti yangu,
polepole, kwa miwani,
kama mtu asomaye maandishi madogo
chini ya mkataba aliotia saini
miaka arobaini iliyopita.