Kaa la Kifuu

Usitie mafuta ya taa.
Hilo alinikataza siku ya kwanza,
hina ya arusi bado imeniganda nyayoni:
"Kaa likinywa mafuta litakutapikia kooni."

Tunakaa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne.
Uani kuna bomba linalotoa maji Jumanne
na siku nyingine likipenda,
na jiko la bati ambalo mguu wake mmoja ni tofali.

Vifuu ananipa Somoe, mpika kashata,
kapu zima kwa malipo ya umbea.
Navichoma ndani ya debe.
Moshi mweupe: bado.
Moshi wa buluu: ziba matundu, nenda kafue.
Asubuhi gonga kaa kwa kaa,
lilie kama kisahani cha kahawa.
Lisilolia, lirudishe.

Mume wangu aliwahi kuleta ya dukani,
meusi, ya mviringo,
yamefungwa karatasi ya fedha kama peremende;
ukiyaonyesha kibiriti tu, yanacheka cheche.
Mama mkwe akavuta mara moja, akaiweka shilamu chini.
"Moto wa fataki huu. Nani kaoa?"
Mwanawe akaukodolea macho wali wake.

Basi nafanya hivi.
Nachukua singa za mkonge.
Bi Mwanatumu alifanya kazi kiwanda cha kamba
miaka ishirini na mitatu,
na mfuko wa singa ungali chini ya kitanda chake
pale wenzake wanapohifadhi sanda.
Fundo moja la nyuzi, njiti moja,
juu yake makaa matatu yameegemeana
kama wanawake msibani.
Kisha kipepeo cha ukindu. Napepea, sipulizi.
Pumzi ya mdomo, anasema, ina haraka ya mdomo.

Mwanzo hakuna kitu.
Halafu doa pembeni, jekundu, kama punje ya mtama.
Halafu doa linatembea.
Nageuza kwa koleo. Nangoja.
Wengi hukosea hapa: wakiona wekundu
wanadhani limeiva, kumbe tumboni bado ni jeusi,
nalo litampasua mtu kichwa.
Ngoja livae jivu mwili mzima,
kama haji na ihramu yake.
Halafu fungua madirisha, yote mawili.
Kaa halimwonei huruma aliyejifungia.

Tangu Februari,
tangu daktari wa Bombo aliponyanyua picha ya kifua kwenye mwanga
akasema na mimi, si na mwenye kifua,
bori halina tumbaku.
Natia ganda la chungwa la Muheza
lililokauka siku tatu juu ya bati.
Nalitoboa, nalikunja, nafunika,
naweka kaa juu.

Sikumwambia.
Maji ndani ya kiko yanasema koro, koro,
yeye amefumba macho,
na kinachotoka puani mwake ni chembamba
kama uzi uliokosa tundu la sindano.
Huvuta, hunyamaza, hunisimulia mashine namba sita
iliyokula kidole cha Mwanaidi,
na jinsi walivyokitafuta kwenye kamba ya meli
iliyokwisha kufungwa na kuandikwa jina la Bandari.
Miezi mitano hajauliza kitu,
na miezi mitano mimi najiona mjanja.

Jana nilimwekea, nikamkabidhi shilamu.
Hakuvuta.
Akafuta mdomo kwa upindo wa leso.
"Somoe ana karafuu," akasema.
"Kesho changanya mbili. Chungwa peke yake linachosha."

Kisha akaliinua kaa juu ya bori
kwa vidole vitupu, vile vya kamba,
vidole visivyojua tena kuungua,
akaligeuza
ili nione upande wa chini:
mweusi.