Dole Gumba

Walimleta Julai, asubuhi ya ukungu,
Loleza haionekani, wala mlingoti wa bendera.
Gwakisa alimpandisha ngazi za mahakama mgongoni
kama mtoto anayewahishwa kliniki,
na yeye, ndani ya koti la mtumba la Mwanjelwa,
akaniuliza mimi, karani wa masjala:
"Mwanangu, hapa ndipo mnapopokea?"

Nilipokea. Ndiyo kazi yangu.
Nikagonga muhuri, nikaandika kwenye rejista:
Subilaga Mwaisumo, dhidi ya Mwanasheria Mkuu.
Kalamu hakuweza kuishika. Vidole vilikuwa vimemwasi
kimoja kimoja, tangu masika.
Wakili akafungua kibati cha wino wa zambarau,
akalichukua dole gumba lake, akalikandamiza juu ya kiapo
taratibu, kama mtu anayeonja joto la maji ya mtoto.

Nilikisoma kiapo mchana, wenzangu wakila. Sikutumwa.

*Miaka ishirini na sita nimepima chai ya watu, Kyimbila.
Sikumpunja mtu hata kikonyo.
Ugonjwa huu unapanda. Ulianzia mikononi, sasa uko shingoni,
na daktari wa Rufaa ameniambia utakaposhukia: kwenye pumzi.
Kifo sikiombi, kinaijua njia ya kwetu.
Naomba atakayenisaidia siku nitakayoichagua
asifungwe kwa ajili yangu.*

Majaji watatu. Wakili wa Serikali, binti mwenye mafua,
akakunja leso, akasimama:
"Waheshimiwa, leo ni huyu, mwenye akili zake timamu.
Kesho ni bibi kizee wa Ileje,
ana ekari tatu za kahawa na wakwe wasio na subira.
Nani atasimama mlangoni amuulize,
ni wewe unayesema, bibi,
au ni shamba linasema kwa kinywa chako?"

Ukumbi ukanyamaza.
Mimi nilimwona bibi yangu, Makete, na shamba lake la viazi,
na wajomba zangu, mmoja mmoja.

Haki ya kuishi, wakasema upande huu.
Haki ya kuishi, wakasema na upande ule.
Ibara ileile, kila mmoja kaishika ncha yake
kama wanawake wawili wanaokamua blanketi.

Jaji wa katikati akavua miwani:
"Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji."
Wakili wa mama akainama kidogo.
"Mheshimiwa, huyu hakungoja kuulizwa.
Kapanda mgongoni mwa mwanawe, kaja kujibu."

Kisha pingamizi la awali.
Kisha kifungu kilichonukuliwa kimakosa, kikarekebishwa, kikapingwa.
Jaji mmoja akaenda likizo.
Agosti. Septemba.
Pareto ikachanua milimani, ikachumwa, ikaanikwa,
nami nikiandika *imeahirishwa*
mpaka mkono ukawa unaliandika peke yake.

Novemba, mvua ya kwanza ikipiga mabati,
nikatoka koridoni kuita, mara tatu, kwa sauti:
Subilaga Mwaisumo.
Subilaga Mwaisumo.
Subilaga

na Gwakisa akainuka kwenye benchi, viatu vina tope la Tukuyu.
"Hayupo."
"Atafika saa ngapi?"
"Tulimzika Jumanne."

Shauri likafungwa. Mleta maombi akifa, na maombi hufa,
swali linarudi kabatini na vumbi lake.
Ilichukua dakika nne.
Hakuna aliyemuuliza ilikuwaje, usiku ule, nyumbani kwao.
Nami sikumuuliza.
Ila niliitazama mikono yake,
na yeye akaona ninaitazama.

Alipobaki peke yake dirishani kwangu
akaomba ile karatasi yenye dole.
Nikamwambia jalada ni mali ya Mahakama,
nakala ni shilingi mia mbili.
Akahesabu sarafu. Mashine ikakoroma.
Zambarau ikatoka nyeusi,
mistari yote ipo, hata kovu dogo la kisu cha mgombani.
Akaipuliza, ingawa haikuwa mbichi,
akaiweka ndani ya shati.